Mvinyo mweupe wa Ugiriki utunzwe kama nguru, si kama gunia la mchele

Mhariri,

Kaskazi ikianza kuvuma, meza za Malindi hubadili kinywaji. Mvinyo mwekundu hubaki rafuni. Wageni wa Kiitaliano, na Wakenya wanaoteremka kutoka bara kwa likizo ya Desemba, huulizia mweupe, mkavu (yaani usio na utamu), wa baridi. Kwenye orodha za mikahawa kadhaa sasa kuna mchanganyiko wa zabibu za Kigiriki, na malalamiko yanayorudi kaunta ni yale yale: "huu ni siki", "huu umepooza", "huu hauna harufu". Sisi watu wa stoo na kaunta tunaandika kusema kwamba mara nyingi chupa haikutoka kwao ikiwa hivyo. Imeharibiwa njiani, au imeharibiwa hapa hapa kati ya friji na glasi.

Tunajua gazeti hili linasomwa na wengi wasiogusa kileo, na hatuandiki kumshawishi yeyote aonje. Lakini wengi wanaobeba sinia katika mji huu hawanywi wanachobeba, wala hawalazimiki. Kwa ajili yao tumeegemea mambo yanayojulikana kwa jicho, kwa pua na kwa kipimajoto, bila tone kugusa ulimi.

Tuanze na kilichomo chupani, kwa kuwa mteja akiuliza, jibu la "ni mweupe tu" halitoshi. Mchanganyiko ni mvinyo wa zabibu za aina mbili au zaidi, kila aina ikiwa na kazi yake, kama mpishi wa biriani asivyotegemea bizari moja. Katika michanganyiko ya Kigiriki, zabibu inayoshika usukani ni Assyrtiko. Asili yake ni Santorini, kisiwa cha volkano ambako mvua ni haba na upepo wa kiangazi, meltemi, huvuma kwa nguvu. Huko mizabibu haisimamishwi kwa miti; matawi husukwa duara karibu na ardhi kama kikapu, wenyewe wakaiita kouloura, na vichala hukaa ndani ya kikapu hicho visichapwe na mchanga. Sifa kubwa ya Assyrtiko ni moja: zabibu nyingi zikiivia kwenye jua kali hupoteza uchachu, hii hubaki nao. Mfikirie mtu aliyepewa embe lililoiva njano, akaling'ata akakuta bado lina ule ukali wa embe bichi. Ukali huo ndio unaokata kiu, na ndio unaoufanya mvinyo usichoshe katika mchana wa nyuzi 32.

Mashamba ya Santorini huzaa kidogo na mvinyo wake ni ghali. Kwa hiyo chupa ya mchanganyiko inayouzwa kwa bei ya kawaida hapa mara nyingi inatoka bara la Ugiriki, ambako Assyrtiko imepandwa pia, hasa Makedonia ya kaskazini mwa nchi na rasi ya Peloponnese. Huko huunganishwa na Malagousia, zabibu yenye harufu ya pichi, mrehani na nanaa. Malagousia ilikuwa karibu kutoweka hadi miaka ya 1970, wakati profesa Vassilis Logothetis alipoihifadhi na mtengenezaji mvinyo Vangelis Gerovassiliou akaigeuza kuwa mvinyo katika shamba la Porto Carras, Halkidiki. Siku hizi Assyrtiko na Malagousia ni kama ndimu na nazi katika chungu kimoja: ya kwanza inakata, ya pili inalainisha. Malagousia ikizidi sana, mvinyo hunukia kupita kiasi na baada ya glasi ya kwanza mtu huchoka nao, hasa mbele ya samaki.

Kusini, Peloponnese, mchanganyiko wa kawaida ni Roditis na Moschofilero. Roditis ina ngozi ya rangi ya waridi, huzaa vizuri, na hutoa mvinyo mwepesi wenye ladha ya tofaa na ndimu. Moschofilero ya Mantinia hukua kwenye uwanda ulio takriban mita 650 juu ya usawa wa bahari, na ngozi yake nayo ina uwaridi wa kijivu. Hunukia maua ya waridi na maganda ya machungwa, na kileo chake mara nyingi ni asilimia 11 hadi 12 tu. Mkahawa unaotaka mvinyo wa kunywewa mchana ufukweni uanzie hapa, si kwenye chupa ya asilimia 13.5. Ipo pia Savatiano ya Attica, inayostahimili ukame na kuupa mvinyo unene kidogo. Savatiano hiyo ndiyo mama wa retsina, ule mvinyo unaotiwa utomvu wa msonobari. Mteja akifungua chupa iliyoandikwa retsina kisha akalalamika kwamba inanuka kama duka la seremala, chupa haina kosa. Aliyemuuzia bila kumweleza ndiye mwenye kosa.

Lebo husomwa hivi. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, ikitaja zabibu mbili au zaidi, mvinyo wote lazima utoke kwa zabibu hizo, nazo hutajwa kuanzia iliyo nyingi. "Roditis, Moschofilero" si sawa na "Moschofilero, Roditis". Ikitaja moja tu, iwe angalau asilimia 85. Kwenye chupa zenye herufi za Kigiriki, ΛΕΥΚΟΣ ni mweupe, ΞΗΡΟΣ ni mkavu, na ΗΜΙΞΗΡΟΣ ni nusu-mkavu, yaani una utamu kidogo. Hili la mwisho limewahi kuzua ugomvi kwenye meza nyingi, kwa kuwa macho ya haraka huona herufi za ΞΗΡΟΣ mwishoni na kuridhika. ΠΟΠ ni mvinyo wa eneo mahsusi lililolindwa kwa masharti makali, ΠΓΕ ni wa eneo pana zaidi lenye masharti mepesi. Michanganyiko mingi iko kundi hili la pili, na si dosari.

Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni wa mavuno, na hapa ndipo wanunuzi wetu wengi hukosea hesabu. Ugiriki huvuna kati ya Agosti na Oktoba. Mvinyo mwepesi wa aina hii hutiwa chupani kuanzia Januari hivi ya mwaka unaofuata, kisha ndipo husafirishwa. Maana yake, kwa kaskazi ya Desemba, mavuno mapya unayoweza kutarajia kwenye rafu ni ya mwaka uliotangulia. Ya mwaka mmoja nyuma ya huo, yenye Assyrtiko nyingi, bado yanafaa iwapo yametunzwa. Mchanganyiko wa Roditis wa miaka minne uliopewa punguzo la bei, mwachie anayeutaka wa kupikia. Mvinyo huu haukutengenezwa ukae. Mtengenezaji alichagua upya badala ya umri, na lebo haisemi hivyo popote.

Ukijua unavyotengenezwa utaelewa kwa nini unaudhika na joto letu. Zabibu huchumwa usiku au alfajiri zikiwa za baridi. Hukamuliwa polepole, na zile zenye ngozi ya waridi hazikawizwi na maganda ili maji yasichukue rangi na ukakasi. Maji hayo huachwa yatulie, kama siku moja kwenye nyuzi 10 hadi 12, uchafu ushuke. Kisha hamira hufanya kazi ndani ya matangi ya chuma kisichoshika kutu, yakipozwa yabaki nyuzi 14 hadi 18 kwa wiki mbili au tatu. Joto likiruka juu ya hapo, harufu ya matunda hupanda na kutoka pamoja na gesi, na hairudi tena. Mwishoni mvinyo hupozwa hadi karibu na kuganda ili chumvi za asidi zishuke chini, ndipo huchujwa. Ni ubaridi mwanzo hadi mwisho. Halafu chupa ile inaletwa Mombasa, inapakiwa kwenye gari lililofunikwa turubai saa sita mchana, na inafika Malindi ikiwa na joto la chai iliyosahauliwa mezani.

Nguru akiletwa hivyo, hakuna mpishi atakayempokea. Mvinyo hupokewa kwa sababu hautoi harufu nje ya chupa.

Kontena la kawaida likikaa juani bandarini huwa tanuri. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, jambo linaloongeza wiki kadhaa baharini. Mwagizaji aliyekuwa akibahatisha kontena lisilo na mtambo wa kupoza, sasa anabahatisha mara mbili. Muulize kabla ya kulipa: kontena lilikuwa la baridi au la kawaida? Mzigo ulifika Mombasa tarehe gani, na tangu hapo umekaa ghala la namna gani? Asiyejua majibu haya anauza makasha, hauzi mvinyo. Kutoka Mombasa hadi hapa ni kama kilomita 120, safari ya saa mbili na zaidi kutegemea msongamano wa Mtwapa na Kilifi, na hakuna sababu ya kuifanya mchana. Gari liondoke alfajiri, chupa zishushwe kabla ya saa tatu asubuhi.

Mzigo ukifika, usitie sahihi kwanza. Kwanza hakikisha stempu ya ushuru ipo kwenye kila chupa. Chupa isiyo nayo usiipokee hata kwa bei ya bure. Kisha chukua chupa tatu kutoka kila kasha, si zile za juu tu. Tazama kizibo: mvinyo ukipata joto huvimba, na kwa tofauti ya nyuzi 20 huongezeka mililita kadhaa, za kutosha kusukuma kizibo juu. Kizibo kilichochomoza, hata milimita mbili, ni ushahidi. Pitisha kidole chini ya ukingo wa foili. Ukinata, mvinyo ulivuja. Wengine huzungusha foili, ikigoma wanasema imenaswa na mvinyo uliokauka, ila foili nyingine hubanwa kiwandani tangu mwanzo, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake. Mwisho inua chupa dhidi ya mwanga, uilinganishe na wenzake. Mchanganyiko mchanga una rangi ya majani makavu yaliyopauka, mara nyingine ukijani kwa mbali. Ukielekea rangi ya chai ya mkandaa au asali, umekwisha zeeka, lebo iseme mwaka wowote.

Stoo. Chumba cha nyuzi 12 hadi 15 ni kizuri. Chenye kiyoyozi kinachobaki 18 usiku na mchana kinatosha kwa bidhaa itakayouzwa ndani ya miezi minne au mitano. Kibaya kuliko vyote ni chumba kinachopozwa mchana wakati ofisi iko wazi na kuzimwa usiku, kwani mvinyo huvimba na kusinyaa kila siku, na kizibo hupumua hewa ndani kidogo kidogo. Chupa za kizibo zilazwe ili kizibo kisikauke. Za kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama. Juu ya friji hapafai, ukuta unaopakana na jiko haufai, wala rafu ya maonyesho inayopigwa na jua la jioni. Hili la maonyesho tunalisema kwa uchungu: chupa isiyo na rangi ikikaa dirishani saa chache tu, mwanga huvuruga mvinyo ndani yake hata kama kioo hakijapata moto, na ukifunguliwa hunuka kabichi iliyochemshwa au sufu iliyoloa. Taa za mirija za kaunta hufanya kazi hiyo hiyo, kwa taratibu zaidi. Weka dirishani chupa tupu zilizojazwa maji ya chai ya rangi hafifu. Mgeni hatajua, na mvinyo utapona.

Umeme wetu unakatika, kila mtu anajua. Friji ya mvinyo ijazwe pembeni chupa za plastiki za maji yaliyogandishwa, angalau nne za lita moja na nusu; zitashikilia ubaridi saa kadhaa mlango usipofunguliwa. Na usiingize chupa 24 za joto saa sita mchana ukitarajia zipoe kufikia saa moja usiku. Friji ya kawaida ikibebeshwa mzigo huo, hata chupa zilizokuwa tayari za baridi zitapanda joto. Ingiza usiku baada ya kufunga, za kesho.

Sasa ndoo ya barafu, mahali ambapo pesa nyingi humwagwa bila mtu kujua. Mhudumu hujaza barafu tupu, akachomeka chupa juu, na baada ya dakika 20 shingo iko nyuzi 25 na tumbo halijafika 15. Barafu isiyo na maji hugusa chupa kwa nukta chache tu. Katikati kuna hewa, na hewa haipozi. Lazima kuwe na maji, barafu na maji nusu kwa nusu, yafike begani mwa chupa. Lakini yawe maji gani? Kupoza chupa moja ya mililita 750 kutoka nyuzi 30 hadi 8 huyeyusha karibu robo kilo ya barafu. Lita mbili za maji ya tangi la juu ya paa, yenye nyuzi 28, humeza kama gramu 700 za barafu kabla hata ya kuugusa mvinyo. Yaani unapoza maji kwa barafu mara tatu ya ile inayopoza kinywaji. Tia maji yaliyokaa friji tangu asubuhi. Barafu utakayookoa kwa jioni moja yenye meza kumi utaiona kwenye hesabu.

Ukiwa na haraka, tupia viganja viwili vya chumvi ya mawe, kama gramu 150, ile ya Gongoni inayouzwa kwa gunia. Chumvi huyafanya maji yale yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Izungushe chupa kwa mkono mara kwa mara, na baada ya dakika 10 hadi 12 itakuwa tayari. Usiisahau humo. Friza nayo ni ya tahadhari: mvinyo wa asilimia 12 huanza kuganda kwenye nyuzi kama 5 chini ya sifuri, huvimba, na kizibo huruka au kioo hupasuka. Ukilazimika, dakika 30 na saa ya simu ilie.

Kiwango ni hiki: Roditis na Moschofilero nyuzi 7 hadi 9 zinapofika mezani, Assyrtiko yenye Malagousia nyuzi 9 hadi 11. Chini ya nyuzi 5 mvinyo wowote mweupe unakuwa maji makali yasiyo na harufu, na hapo ndipo mteja husema "hauna ladha". Juu ya 14 uchachu hulegea, kileo huchoma puani, na hapo ndipo husema "umepooza". Mvinyo ni ule ule. Kipimajoto cha jikoni cha kuchovya kwenye glasi ya kwanza kitamaliza ubishi, tena hakihitaji mtu aonje.

Glasi pia ina hatia yake. Glasi iliyotoka kabatini ikiwa na joto la chumba hupandisha mvinyo wa nyuzi 8 kwa nyuzi tatu au nne mara moja, kabla mteja hajainua mkono. Iliyotoka mashine ya kuosha ni balaa. Tia glasi maji ya barafu, zungusha, mwaga, kung'uta, kisha mimina. Usiihifadhi ndani ya friji ya samaki, maana kioo chenye unyevu hushika harufu na utamhudumia mtu mvinyo unaonuka pweza. Iwe glasi ya mililita 300 hadi 350, mdomo mwembamba kuliko tumbo, na ishikwe mguuni. Mimina mililita 100 tu, urudi kumimina tena. Kinywaji kingi kwenye glasi ya Februari huwa vuguvugu kabla hakijafika nusu. Kwa anayeuza kwa glasi, chupa hutoa sita za mililita 125 au tano za 150. Bila kipimo, mkono wa mhudumu mkarimu hutoa nne na nusu, na mwenye hoteli hubaki akitafuta mwizi.

Mteja akiomba barafu ndani ya glasi, mpe. Kinywaji ni chake. Unaweza kumpa njia nyingine ya zabibu mbichi zilizogandishwa, zinazopoza bila kuongeza maji.

Tumefika kwenye pua, na hapa mhudumu asiyekunywa hana upungufu wowote, pengine hata yuko mbele, kwani pua yake haijachoka. Kila chupa ikifunguliwa inuse glasi kabla ya kumpa mteja. Ikinuka kadibodi au gazeti lililoloa, kizibo kimeambukizwa kemikali itokanayo na ukungu. Haina madhara kwa mwili lakini haina dawa, leta chupa nyingine bila mabishano. Chupa za kifuniko cha kuzungusha kwa kawaida hazipati ugonjwa huu, na kwa mji wenye joto na unyevu kama wetu tungezipendelea kila zinapopatikana, hata kama baadhi ya wageni huona kizibo ndicho cha heshima. Ikinuka tofaa lililokatwa likaachwa, au njugu zilizovunda, hewa na joto vimeingia. Hiyo ni safari au stoo. Siki pamoja na rangi ya kucha ni ya chupa iliyofunguliwa zamani ikazibwa vibaya. Harufu ya kiberiti kilichowashwa au yai, hasa kwenye Assyrtiko, usiitupe bado: mimina kwenye jagi, subiri dakika 10, aghalabu hutoka. Mvinyo wenye vipovu vichache ni sawa, gesi kidogo huachwa makusudi ili kuuchangamsha. Vipovu vikiambatana na ukungu ndani na kizibo kilichosukumwa, hamira imeamka, rudisha.

Chembe zinazong'aa chini ya chupa, kama vipande vya kioo, huwatia watu hofu bure. Ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe iliyoshuka kwa ubaridi wa friji. Mwonyeshe mteja, mwambie, kisha mimina polepole ubakishe kidole kimoja.

Kuhusu chakula, orodha nyingi huandika "samaki" zikakomea hapo. Mvinyo mkavu unashindwa na kitu kichachu kuliko wenyewe. Mchuzi wa ukwaju, achari ya ndimu na kachumbari iliyokamuliwa malimau manne vitaufanya uonekane maji. Samaki wa kupaka ni kinyume: mafuta ya nazi yanataka kukatwa, na Assyrtiko yenye Malagousia hukata vizuri sana, mrehani na nanaa zikikutana na tangawizi. Tahadhari ni pilipili. Kileo huongeza mwako, kwa hiyo kwa pweza wa nazi mwenye pilipili mbuzi chagua Moschofilero ya asilimia 11.5, usipeleke ya 13.5. Kwa ngisi wa kukaanga, changu wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, au chaza wa Mida, Roditis ya kawaida inatosha na bei yake haiumi. Kaa wa kuchemsha bila viungo ndiye anayestahili ile chupa ghali ya Santorini, ikiwa mkahawa unayo.

Chupa iliyofunguliwa isipokwisha, usiipige pampu ya kunyonya hewa ukaisahau mlangoni mwa friji. Mimina kilichobaki kwenye chupa ndogo safi ya mililita 375 hadi pomoni, funga, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, weka nyuma kabisa ya friji. Itakuwa nzuri siku mbili, siku ya tatu inavumilika. Iliyokaa kaunta jioni moja ya Januari ipelekwe jikoni usiku ule ule. Glasi moja yake na kitunguu saumu itafungua kilo ya kome au kamba vizuri.

Ombi letu kwa waagizaji na mabwana na mabibi wa hoteli ni dogo na halina gharama. Kila kasha liandikwe ubavuni tarehe lilipofika Mombasa na tarehe lilipofika Malindi. Wavuvi wetu hawauzi samaki bila kusema ameingia lini, na mnunuzi haoni haya kuuliza. Tarehe mbili kwenye kadibodi zingetuwezesha sisi wa kaunta kujua kasha lipi litoke kwanza kabla Krismasi haijafika na friji hazijajaa.

Wahudumu wa vinywaji,
Malindi